Sauti ya Nangara iliyoaminiwa mno angani

Zuwena Rehani amejifunika blanketi zito kichwani. Amekaa pembeni mwa kitanda, simu mkononi, na kutoka humo ndani sauti yake inatoka nene, imenyooka, haina haraka: "Sumu ya panya, sumu ya mende, sumu ya kunguni. Weka leo, kesho fagia."

Anatoa kichwa, anasikiliza alichorekodi, anasonya. Jogoo wa mtaa wa pili ameingia katikati ya mende na kunguni. Anafuta, anajifunika tena.

"Blanketi linazuia mwangwi," anasema akijifuta uso kwa khanga. "Studio ninayo. Tatizo lake ni joto."

Zuwena, mwenye umri wa miaka 43 na mama wa watoto watatu, anaishi Nangara mjini Babati, ambako wengi humwita Mama Rahma. Kazi yake ni kuuza sauti. Wafanyabiashara wadogo humletea memori kadi na shilingi elfu tano, naye huwarekodia tangazo litakalojirudia kwenye spika kutwa nzima: sumu, dagaa, mitumba, vyombo vya plastiki.

Asipokuwa chini ya blanketi yuko sokoni, na huko hutangaza mwenyewe. Mtaa upi maji yatakatika. Nani amefiwa na maziko ni saa ngapi. Mtoto wa nani amepotea na amevaa nini.

Kwa hiyo hata asiyemfahamu kwa sura anamfahamu. Akipanda bajaji na kusema tu "nishushe hapo mbele", abiria wenzake hugeuka.

Mwaka jana sauti hiyo ilimnasa Herieli, kijana anayetengeneza gemu za kompyuta na wenzake wawili jijini Arusha. Alikuwa safarini kwenda Singida. Basi liliposimama Babati akasikia tangazo la sumu, akashuka kumtafuta mwenye sauti, basi likaondoka.

"Nikamwambia, baba, yaani umeachwa na gari kwa sababu ya panya?" Zuwena anacheka, kisha kicheko kinakatika ghafla.

Gemu yao inahusu fundi wa kike anayeamka peke yake katika kituo kinachoelea angani, mbali kabisa na dunia. Wenzake hawaonekani. Mchezaji hutatua mafumbo: huunganisha mabomba, hupanga nyaya, hugeuza vioo mpaka mwanga ufike unapotakiwa. Kila chumba kikifunguka, anapata kipande kingine cha habari za waliotoweka. Fundi haongei. Anayeongea ni kituo chenyewe, kikimwelekeza afanye nini. Sauti ya kituo ni Zuwena.

Hakuelezwa hadithi yote. Alipewa maneno, akasoma. "Nilisoma kama tangazo la maji. Wakafurahi sana."

Kabla ya kuiuza, vijana hao walisambaza nakala za majaribio Moshi, Singida na Babati ili wapate maoni ya wachezaji. Hapa Babati ilifikia kwenye chumba cha gemu cha Sele, karibu na stendi. Wateja wake walikuwa hawajui kingine zaidi ya mpira.

Maoni ya kwanza yalikuwa kicheko. "Kituo kilipoanza kuongea tu, benchi zima chini," anakumbuka Mudy, dereva wa bajaji. "Oya, sumu ya panya imefika angani! Mwingine akauliza, Mama Rahma nauli ya huko kapewa na nani?"

Kicheko kilipoisha wakaanza kucheza kweli, mmoja ameshika padi na wengine wote wakimwamuru. Sele anasema gemu ina maneno mengi kama kikao cha harusi, lakini mafumbo yake hayamwachii mtu. "Unafumba macho ulale, unayaona mabomba." Mudy naye ana lawama ambayo hajaiacha mpaka leo: fundi hali. "Tangu ameamka hajatia hata andazi mdomoni. Nyaya tu. Binadamu gani huyo?"

Kisha wakafika kwenye mlango wa mwisho. Sauti ikasema: "Usifungue. Nyuma ya mlango huu hakuna hewa."

Moshi na Singida walikuwa wameshaitilia shaka sauti hiyo mapema. Walifungua mlango, wakawakuta wenzake fundi wakiwa hai, wamefungiwa humo. Hilo ndilo fumbo kuu la gemu: kituo kinadanganya, na mchezaji hashindi mpaka aasi.

Babati hawakuasi. Siku nenda siku rudi, padi ilipita mikononi mwa vijana wa stendi, na hakuna aliyegusa ule mlango. Walirudi kukagua mabomba upya. Walibadilisha nyaya zilizokuwa sawa. Mwishowe Mudy akatuma maoni Arusha kwamba gemu ni mbovu, haina mwisho.

"Mama Rahma kasema hakuna hewa," anajitetea. "Huyu ndiye aliyetangaza msiba wa babu yangu. Nianze kumwambia ni muongo?"

Herieli alipopiga simu na kuwaambia wafungue tu, wakafungua, wakawakuta waliotoweka wakiwa hai. Baada ya hapo zikaanza kejeli, na hazijaisha.

"Mama Rahma, shikamoo. Hewa ipo?"

"Marahaba. Ipo, vuta."

Mwanzoni naye alicheka. Lakini siku moja ya mnada, mtoto wa mama mmoja aliyeleta maharage kutoka Dareda akapotelea sokoni. Zuwena akashika spika: umri miaka minne, shati jekundu, hana viatu. Siku zote akitangaza hivyo watu huacha mizani na kuinama kuangalia chini ya meza. Safari hii kijana mmoja akapaza sauti, "Usifungue mlango!" Upande mzima wa mitumba ukacheka, na watu wakaendelea kuchagua nguo.

Mtoto alipatikana baadaye stendi, amekaa kwenye ngazi ya basi linalojaza abiria.

"Lingeondoka naye," anasema Zuwena. "Sauti yangu ndiyo shamba langu. Siku ile niliona ng'ombe wameingia, na mimi ndiye niliyewafungulia."

Tangu hapo hatulii. Anaongea huku anafagia mahali alipokwisha kufagia. Anaangalia simu, anaiweka, anaichukua tena.

Kilichomkosesha utulivu zaidi ni habari njema. Herieli na wenzake wanatengeneza sehemu ya pili na wanamtaka arudi, adanganye mwanzo hadi mwisho. Malipo ni laki sita, pesa ambayo blanketi halijawahi kumpa kwa mkupuo.

"Hakuna sauti iliyowahi kuwashinda wachezaji namna ile," anasema Herieli kwa simu. "Hofu yake tunaielewa. Lakini mama anaigiza tu. Watu watazoea."

Zuwena anamjibu papo hapo, simu ikiwa bado hewani. "Wewe uko Arusha, mwanangu. Mtoto akipotea hapa sokoni, wataitwa kina nani? Watakuita wewe?"

Hata hivyo hakukataa kazi. Alikataa nafasi. Katika sehemu ya pili yule fundi ataanza kuongea, na Zuwena ameomba apewe huyo. "Nimewaambia, nipeni anayedanganywa. Uongo watafute mwingine."

Wamemwambia aende Ijumaa wamsikilize, bila ahadi. Hawajawahi kumsikia akiongea vingine zaidi ya kuamuru, na yeye anakiri wana haki. Tangazo haliulizi, tangazo haliogopi. Tiketi ameshakata. Ikishindikana atarudi kwenye matangazo yake. Ikiwezekana, anataka vijana wa stendi wamsikie akiwa upande wao.

Ndiyo maana asubuhi hii, baada ya sumu ya panya kukubali, anafungua maneno ya fundi na kusoma kwa sauti. "Kuna mtu? Jamani, kuna mtu ananisikia?"

Anasonya. "Hilo ni tangazo la dagaa kabisa."

Anarudia. Bado ni dagaa. Anatupa blanketi pembeni, anasimama katikati ya chumba, anafumba macho. Safari hii sauti inaanzia chini, inapanda, inakatika njiani. "Kuna mtu? Jamani… kuna mtu ananisikia?"

Mlango unasukumwa kwa kishindo. Ni jirani yake, Joyce, mikono imejaa povu la sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Mama Rahma! Una nini? Umeanguka?"

"Nafanya mazoezi ya gemu."

"Mazoezi gani ya kuita watu hivyo? Nimemwacha mtoto kwenye beseni!"

Zuwena anatazama povu linavyodondoka sakafuni. Kisha anakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri mikono yake imetulia mapajani.

"Umekuja mbio," anasema.

"Si umeita?" anajibu Joyce, na anarudi kumwogesha mwanawe.