Nilivyokwenda Takaungu Kutafuta Ngoma ya Kumtia Zamda Adabu

Wengine husafiri kwa elimu, wengine kwa biashara, wengine kwa kuwa wameambiwa na daktari wabadilishe hewa. Mimi nilikwenda Takaungu kwa chuki, na sioni haya kusema.

Hapa Malindi tuna vikundi viwili vya ngoma za wanawake, na harusi yoyote yenye heshima hualika vyote viwili. Kimoja hukaa upande huu wa ukumbi, kingine upande ule, kila kimoja na sare yake ya leso, tuonyeshane nani ana ngoma na nani ana kelele. Chetu kinaitwa Tumetulia, ingawa hakuna hata mmoja ndani yake aliyetulia. Wenzetu wanaitwa Watajua Wenyewe, na hao angalau jina lao ni la kweli.

Katika harusi moja ya Shela, hapa hapa Malindi, tulikuwa tumeshika ukumbi sawasawa. Mimi ndiye mpiga msondo, ile ngoma kubwa ya kusimama ya kikundi, aliyoipiga mama yangu kabla yangu, na wanawake walikuwa wanazunguka vizuri, viuno vimelainika. Ghafla Zamda, mpigaji wa wale wenzetu, akatoa chini ya kiti ngoma ya Afrika Magharibi, jembe, yenye ngozi ya mbuzi na kamba za kuvuka huku na huku. Hakujua kuipiga, aliichapa kama mtu anayefukuza nzi. Lakini ilikuwa ngeni, na watu wa pwani tukiona kigeni hatukai. Ukumbi wote ulituhama, hata mke wa kaka yangu.

Bi Rukia, kiongozi wetu, hakulala. Kesho yake alinijia na jembe aliyoinunua kwenye vibanda vya vinyago, imechorwa twiga ubavuni.

"Mwanaidi, kuna mwanamume wa Gine, ameoa Takaungu, afunza ngoma hizi. Nenda. Harusi ya kwa Bi Nuru yaja, na safari hii nataka walie."

"Na nikishindwa, Bi Rukia?"

"Ukirudi mikono mitupu, msondo nampa Swabra."

Swabra ni mpwa wake. Ana kucha ndefu na hupiga msondo kama anayebisha hodi kwa watu asiowapenda. Nilikwenda kufunga mkoba.

Asubuhi ya kuondoka, majirani niliwaambia naenda Kilifi kumwona shangazi mgonjwa. Nilipata nafasi katika Probox ya Salimu, mume wa dada yangu, anayesambaza mayai kwenye maduka ya barabarani. Mayai yalikaa viti vya nyuma, mimi nikakaa mbele na twiga wangu mapajani. Salimu huendesha gari taratibu kuliko maiti anavyopelekwa, kwa sababu ya mayai, na kila tuta la barabara hulisomea Bismillahi.

Dabaso tulisimama kushusha trei za duka moja karibu na njia ya kwenda kwenye mikoko. Mwenye duka, mama mnene mwenye macho ya kuulizauliza, alinikagua dirishani.

"Waenda wapi na ngoma, mwanangu?"

"Kumwona mgonjwa."

"Na ngoma ya nini kwa mgonjwa?"

"Ya kumwamsha," akajibu Salimu, akatia gari moto.

Kilifi tuliingia jua limepanda. Tulivuka daraja, na Salimu akanishusha kwenye njia panda ya Takaungu. Bodaboda iliyonichukua ilipita minazi na vichochoro vilivyolala mchana kweupe, ikanifikisha mbele ya ua wa makuti. Nilikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na bado nilikuwa najipangia maneno nitakayomwimbia Zamda nikishamshinda.

"Dzoni, dzoni!" mwanamke wa nyumba alinikaribisha kwa Kigiriama. Ndiye Kadzo, mke wa mwalimu. Alinipokea mkoba, akanisukumia ndani ya ua, na hapo ndipo nilipomwona Zamda. Amekaa kwenye kigoda, jembe katikati ya magoti, anakula muhogo.

Tulitazamana. Mkono wake ulisimama na kipande cha muhogo hewani.

"Nimekuja kumwona shangazi mgonjwa," nilisema. "Nimepita tu."

"Na mimi nimekuja matangani," akasema Zamda. "Nimepita tu."

"Nani amefariki?" Kadzo aliuliza kwa hofu. "Mbona sikusikia?"

Mwalimu mwenyewe, Lansana, alitoka ndani akiwa na shati la maua. Ni mtu mrefu, na Kiswahili chake alifundishwa na mama mkwe, kwa hiyo ni Kigiriama kilichovaa viatu vya Kifaransa. Mimi mtoto wa mjini, niliyefunzwa Kiswahili na nyanya anayesahihisha hata salamu, nilitaka kucheka. Aliishika ngoma yangu ya twiga, akaigonga mara moja, akainusa ndani.

"Mama, hii ya kuwekea miavuli," alisema, akaniletea nyingine.

Mchana ule ule tukaanza. Jembe ina sauti tatu: ya katikati ya ngozi ni nzito, ya pembeni ni nyepesi, na kofi la vidole hukata kama kijiti kikavu. Nilidhani nitamaliza kabla ya alasiri, maana mikono yangu imepiga ngoma tangu sijaota meno ya ukubwani. Mwalimu alisema atatupa mdundo wa kwao, wa wanawake wanaotoka kuvua kwa nyavu ndogo. Mimi akanipa kipande kimoja, kifupi, kinachorudi hapo hapo. Zamda akampa kingine, kifupi vile vile, cha namna nyingine.

"Na hicho chake nitafundishwa lini?" niliuliza.

"Hapana. Hiyo yake."

"Nami chake?" Zamda akadakia.

"Hapana. Kwetu mdundo wote hapewi mtu mmoja. Mtu mmoja anaweza kufa, anaweza kuhama, anaweza kununa."

Nilimwambia kwetu mtu hununa na ngoma huendelea. Akacheka, akatuambia tupige.

Basi ikawa hivyo siku zilizofuata. Asubuhi ngoma, mchana sima na mtsunga, mboga chungu ambayo Kadzo hupika kwa tui ili usisikie uchungu, na ukausikia. Jioni vidole vilivimba, Kadzo akatuletea maji ya moto yenye chumvi, karai moja. Tulitumbukiza mikono minne humo kila mtu akitazama upande wake.

Kwa kuwa nyumba ni ya watu na matusi hayafai, tulipigana kwa leso. Mwenye kuelewa leso anajua yale maandishi ya chini hayakuwekwa kwa urembo. Siku ya kwanza nilitoka nimejifunga *Hasidi hana sababu*. Zamda alisoma, akaingia chumbani, akatoka na *Mtasema mchana usiku mtalala*. Lansana, asiyejua kusoma Kiswahili, alitusifu kwa kupendeza. Kadzo, anayejua, alilazimika kwenda jikoni kucheka.

Kosa langu lilikuwa kufunga mkoba kwa haraka. Leso ya tatu niliyokuwa nayo ilisema *Sisi sote abiria dereva ni Mungu*, na hiyo huwezi kumtukania mtu hata ukijitahidi. Niliivaa, nikakaa kwenye kigoda changu bila silaha. Zamda alitoka na leso ya Kadzo ya jikoni, imefifia maandishi hayasomeki. Yeye pia alikuwa ameishiwa.

"Leo hakuna?" nilimuuliza.

"Zafuliwa," akasema. Lilikuwa neno letu la kwanza lisilo na mwiba.

Katikati ya haya yote nilikuwa naiba. Kila Zamda akipiga kipande chake peke yake, mimi nilikisikiliza, kisha nikajificha nyuma ya tangi la maji kukijaribu mapajani. Nikikipata, changu kinapotea. Nikikirudisha changu, chake kinapotea. Siku moja nilikwenda nyuma ya tangi nikamkuta Zamda yuko huko tayari, anapiga kipande changu kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliona haya, lakini mimi niliona haya zaidi, kwa sababu alikuwa anakikosea pale pale ninapokosea mimi.

"Unakimbia," mwalimu aliniambia adhuhuri hiyo. "Kila siku unakimbia. Nani anakufukuza?"

"Huyu."

"Huyu ameketi. Msikilize yeye, mkono wako acha ujipige."

Nilimsikiliza kwa sababu nilikuwa nimechoka kumpinga. Nikakiacha kipande chake kipite, nikaweka changu kwenye nafasi alizoacha. Mara ya kwanza tuligongana. Mara ya pili vilevile. Halafu kati ya ngoma yangu na ngoma yake ikatokea sauti nyingine, mdundo wa tatu ulionyooka, na hakuna aliyekuwa anaupiga kati yetu. Nilitazama mikono yangu, bado inafanya kale kakipande kangu kafupi. Zamda alikuwa ametoa macho. Kadzo aliacha mwiko, akaja uani akicheza.

"Vidzo, mama! Vidzo!" mwalimu alitusifu kwa kelele, kwa Kigiriama cha mama mkwe.

Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku yangu ya kwanza kwenye msondo. Kisha nikakasirika kwamba nimefurahi mbele yake.

Safari ya kurudi tulikuwa wawili katika Probox, maana Salimu alikuwa anarudi na trei tupu na hakuna sababu ya kumlipa mtu mwingine. Kila mmoja alikuwa na jembe aliyoazimwa na Lansana. Tulipokuwa tunakaribia Gede, Zamda alimwambia Salimu asimame.

"Nishuke hapa, nichukue tuktuk. Tukionekana pamoja tutauawa mara mbili."

"Na Bi Rukia nitamwambia nini?" nilimuuliza. "Nina nusu ya ngoma."

"Mimi kiongozi wangu nitamwambia nimejifunza yote. Wewe mwambie unavyojua."

Nikafanya kama yeye. Nilimwambia Bi Rukia kila kitu kiko tayari. Akanikumbatia, akanipa nafasi ya mbele.

Alasiri ya harusi ya kwa Bi Nuru ukumbi ulijaa hadi milangoni. Tumetulia upande wa kulia, sare ya manjano. Watajua Wenyewe kushoto, zambarau. Msondo ulikuwa pembeni, Swabra ameusimamia "kwa muda tu". Bi Rukia alipandisha kichwa, akatangaza kwamba leo watu wataona ngoma ilivyo, si kuchapachapa. Akanipa ishara.

Nikaanza kipande changu. Kikazunguka, kikarudi, kikazunguka. Wanawake walisubiri kitokee kingine, hakikutokea. Upande wa zambarau ukaanza kucheka, mmoja akauliza kwa sauti kama nagonga nazi. Nilihisi uso unawaka. Swabra alivuta msondo karibu na kifua chake. Ningeweza kuacha, nikasingizia mikono, lakini mikono ilikuwa mizima na kila mtu anaiona. Nikaendelea, na sikuharakisha.

Kiongozi wao alimsukuma Zamda bega. "Mmalize! Mwonyeshe yako!"

Zamda angeweza kuanza popote kuniharibia. Alikaa akinisikiliza, kwa muda mrefu kuliko subira ya kiongozi wake, kisha akaingia mle mle kwenye nafasi nilizoacha.

Ukumbi ulisimama. Sizidishi chumvi; hata bi harusi alinyanyuka kwenye kiti chake cha kupambwa na vazi lake zito, mashangazi wakimvuta chini. Manjano na zambarau zilichanganyika hadi hujui nani wa nani. Bi Rukia mwenyewe alikuwa katikati ya duara, mikono juu, amefumba macho, anacheza bega kwa bega na kiongozi wa Watajua Wenyewe. Alipofumbua na kuona yuko na nani, aliondoka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Tulipomaliza aliniita kando.

"Umempa adui nusu ya ngoma yetu."

"Ni nusu yake, Bi Rukia. Yetu haikuwa nzima."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akanitazama kwa huzuni ya kweli, na hapo ndipo iliponiuma. Alisema msondo atapiga Swabra. Nilikwenda kuugusa ubavu wake, pale mama alipokuwa akiegemeza goti, nikatoka nje nikalia nyuma ya masufuria ya pilau. Nililia sana, kwa sababu nilikuwa naupenda, na bado naupenda, na Swabra anaupiga vibaya.

Zamda alinikuta huko. Yeye alikuwa ametolewa kwenye ngoma kabisa na kupewa kazi ya kugawa tambi. Alinipa sahani, akakaa.

Nilichojifunza katika safari hii si kikubwa. Nilikwenda kutafuta kitu cha kumshindia mtu, nikapewa kitu kisichopigika bila yeye. Lau ningejua mapema ningekwenda Lamu kupumzika.

Dada mdogo wa Bi Nuru alitutafuta hadi jikoni. Ana binti wa kuozesha mwezi ujao, akataka tupige sisi wawili, ile ile, na akauliza kikundi chetu kinaitwaje. Tulimwambia atupe siku chache. Siku zimepita, harusi tumeipiga, na nyingine baada yake, na jina bado hatuna, kwa sababu kila ninalolitaja Zamda hulikataa.