Shemeji Aliyempora Korongo

Mume wa dada yangu tulimwita Bwana Kesho, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mlango ukilegea, kesho. Bomba likivuja, kesho. Dada akiumwa, "kesho tutakwenda kwa daktari," na kabla kesho hiyo haijafika dada alikuwa ameshapona, nadhani kwa kuchoka kusubiri. Mikono Mungu alimpa, mirefu na yenye nguvu, ila kazi iliyoifanya kwa bidii ni moja tu, kupeleka tonge kinywani.

Mimi nilikuwa nafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Ilipotokea nafasi ya mfagizi wa bustani, niliwapigia magoti wakubwa mpaka wakamchukua shemeji. Nilifanya vile kwa ajili ya dada. Yeye mwenyewe badala ya asante alilalamika kwamba ufagio ni mfupi, utamuumiza kiuno.

Katikati ya bustani kulikuwa na bwawa la samaki, na kandokando yake mabenchi ambapo wauguzi na watu waliokuja kuwaona wagonjwa walikula mchana. Makombo ya mkate hayakukosekana. Ndipo akaja korongo mmoja mdogo wa kijivu, shingo kaikunja utadhani hana. Ndege wengine waliyagombania makombo na kuyameza. Huyu hakula. Aliokota kipande kwa ncha ya mdomo, akakiweka juu ya maji, akatulia kama kigingi. Upepo ukikisukuma, alikifuata na kukirudisha mbele yake. Samaki akija kudonoa mkate, kufumba na kufumbua yuko mdomoni. Nilimwona kupitia dirisha la chumba cha kufulia, nikaduwaa hadi nikaunguza foronya ya watu.

Haukupita muda, dada akanipigia simu, sauti imejaa furaha.

"Mdogo wangu, shemeji yako siku hizi analeta samaki! Anasema wamemruhusu awapunguze bwawani."

Jumapili nilikwenda kuwaona. Nilimkuta kajitandaza kwenye kochi, anatoa somo.

"Uvuvi ni utulivu, shemeji. Ninyi wanawake mna papara. Mimi namwona samaki kabla yeye hajaniona."

Nilitaka kumjibu, lakini dada alikuwa anamsikiliza huku anatabasamu, na tabasamu lile sikuwa nimeliona miaka mingi.

Ukweli niliukuta siku niliyotoka kuanika mashuka. Nyuma ya ua wa maua, Bwana Kesho kalala kifudifudi, kakumbatia ufagio. Ukingoni korongo kaweka mkate wake majini. Ndege anamvizia samaki, na mume wa dada yangu anamvizia ndege! Akanaswa samaki mkubwa, si wa kumezwa mara moja. Korongo akamtoa nje ampigepige chini. Hapo shemeji akachomoka na ufagio wake akipiga ukelele, ndege akaangusha windo na kuruka. Mtu mzima yule akamfuta samaki majani, akamtia kwenye mfuko wa plastiki.

"Shemeji, unamnyang'anya ndege?"

Wala hakushtuka. "Ndege ana shida gani? Hana familia."

"Basi angalau weka chambo mwenyewe. Mkate huo hapo."

"Kuinama-inama vile? Labda kesho."

Korongo hakuhitaji kuporwa mara nyingi ndipo aelewe. Alianza kubeba makombo yake hadi kwenye jiwe lililo katikati ya bwawa, akavulia huko. Shemeji akawa anarudi nyumbani mikono mitupu, anadai samaki wamehamia chini. Dada naye, maskini, alikuwa ameshajisifu kwa majirani na kuwaalika waje kula.

Siku ya wageni wa dada, saa ya chakula cha mchana, watu wamejaa mabenchini, Bwana Kesho akakunja suruali, akaingia majini na ufagio wake. Hatua chache tu, tope likamshika mapajani. Korongo alimtazama, akasogea upande wa pili wa jiwe, akaweka mkate wake upya.

"Samaki mkubwa huyo, mvuteni!" muuguzi mmoja akapiga kelele, na bustani nzima ikaangua kicheko.

"Shemeji! Nisaidie!"

Tulimvuta kwa shuka, mimi na wenzangu wa kufulia. Kiatu kimoja kilibaki huko. Msimamizi alipouliza nani kamruhusu kuvua, alimnyooshea ndege kidole. Wakamwondoa bustanini, wakampa kazi ya kusukuma mikokoteni ya taka.

Nilitangulia kwa dada, nikamweleza yote bila kupunguza neno. Alikwenda kuwaomba radhi majirani, nyumba kwa nyumba, akarudi. Shemeji akaingia, ananuka tope.

"Yule ndege ana kichaa," alisema.

Dada alimtazama toka utosini hadi kwenye mguu usio na kiatu. "Umenilisha jasho la ndege," alisema. "Na huku unanifundisha utulivu."

Shemeji akavua suruali, akamtupia aifue. Dada akaiokota, akamrudishia pamoja na kipande cha sabuni, akamwonyesha bomba la uani.

Tulikaa mlangoni tukimwangalia. Hata kufua alikuwa hajui. Alisugua upande mmoja tu, tena ule usio na tope.