Turwiti za Baridi na Macho ya Papa

Jirani yangu wa chini, hapa Schaerbeek, Ubelgiji, ni muzee wa Kibelgiji anayeishi peke yake. Mwezi wa kwanza, barafu ilipofunika ngazi za nje na kila muntu mwenye akili akabaki ndani, nilimushushia supu. Mulango ulikuwa wazi. Nikamukuta amekaa karibu na dirisha. Mezani kulikuwa na manyoya ya jogoo, uzi, na vindoano vidogo kama kucha ya mutoto muchanga. Alikuwa anatengeneza nzi za uongo za kuvulia truite, ile samaki ya maji ya baridi. Akanieleza kwamba kuvua kumefungwa mpaka mwezi wa tatu, donc wakati wa baridi yeye anafunga nzi na kungojea.

Nikasimama ninamuangalia. Alikuwa anafunga vibaya, uzi unamuponyoka. Nikaweka sufuria chini, nikavuta kiti.

"Muzee, lete hapa."

"Madame, hii si kazi ya kushona nguo."

"Lete, nimesema."

Nikazungusha uzi, nikalaza unyoya, nikaubana na kucha, nikafunga. Miaka karibu sitini sikuwa nimegusa kitu kama kile, na vidole havikuniuliza chochote. Muzee akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani alikufundisha?"

"Papa yangu, baba aliyenizaa. Kunywa supu, inapoa."

Nilipopanda kwangu sikuwasha taa. Nilikaa tu. Tram ilikuwa inapita kule chini, na mimi nilikuwa nasikia maji.

Wewe unayesoma, kama hujafika kwetu, usifikiri Kivu yote ni joto na ndizi. Kule juu milimani, mwezi wa sita na wa saba, asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi, na ukitoa pumzi unaiona. Tulikuwa tunalala watoto wane chini ya blanketi moja, na wa pembeni ndiye aliyelia. Kamuto ketu kalipita chini ya mashamba ya chai. Kalikuwa kadogo, mahali pengine unakaruka, lakini maji yake ilikuwa baridi ya kuuma meno. Muzungu wa shamba ndiye aliyeweka zile samaki mule, zamani, mbele nizaliwe. Alizileta ndogo-ndogo ndani ya mapipa. Halafu muzungu akaenda zake, samaki zikabaki, zikazaana, zikawa za pori kama wanyama wengine. Sisi tulisema turwiti.

Papa ndiye alikuwa anamubebea muzungu vitu vya kuvulia, miaka mingi. Alijifunza kwa kuangalia. Siku muzungu alipoondoka alimuachia fimbo moja ya kuvulia na boksi ya ndoano. Mulima muzima, papa peke yake ndiye aliyejua kukamata turwiti kwa nzi ya manyoya. Wanaume wengine walijaribu na minyoo na vikapu wakatoka mikono mitupu, sababu samaki ile ina haya, ikiona kivuli chako tu imekwenda. Basi kukiwa mugonjwa, kukiwa mama aliyezaa, waliita papa. Mama alikausha samaki juu ya moto wa majani ya kalitusi, na harufu ile ilikaa ndani ya nywele zetu mpaka shuleni. Mwalimu alikuwa anasema, "Watoto wa muvuvi wamefika," mbele hata ya kugeuka kutuona.

Bon. Nilikuwa na miaka kumi hivi, papa akaanza kuniita niende naye. Si kaka zangu, mimi. Mama alishangaa, sababu kwetu musichana haruhusiwi kugusa fimbo ya kuvulia. Walisema akiigusa, samaki zinalala mwaka muzima.

"Atabeba kikapu tu," papa alisema.

Tuliondoka na ukungu. Sijui nikuambie namna gani ule ukungu. Ulijaa bondeni kama maziwa ndani ya kibuyu, na sisi tulishuka ndani yake. Nilimuona papa mugongo tu, halafu kofia tu, halafu nikasikia miguu yake tu. Wachuma chai walikuwa wanaimba mahali fulani juu yetu, na wimbo ulifika bila watu. Tulipofika majini, papa alipiga magoti, akanipa ndoano na uzi.

"Pitisha uzi humo."

Nikapitisha. Nikamurudishia. Akatafuta mukono wangu kwenye hewa, pembeni kabisa ya pale ulipokuwa. Ndiyo vile nilivyojua. Papa alikuwa haoni. Kivuli na mwanga tu, basi. Aliangalia upande wangu, akasema polepole:

"Mama yako asijue. Wakijua, watanikalisha kwenye kiti, nitakuwa muntu wa kulishwa."

Tangu siku ile nikawa macho yake. Nilijifunza kulala tumbo kwenye majani ya baridi na kunong'ona. "Kushoto. Mbele ya jiwe jeusi. Mikono mitatu." Yeye alirusha, na nzi ilikwenda pale pale, kama maneno yangu ilikuwa njia na yeye anatembea juu yake. Kazi yangu ilikuwa kuangalia uzi. Ukisimama, hata kidogo, niseme "Sasa!" Nikichelewa, samaki imetema. Hakuna kilichokuwa kinasikika isipokuwa maji. Muda mwingine nilisahau kama niko macho ao nimelala. Niliona samaki chini, zimejipanga, zinapepea mikia polepole, na niliona kama ni mimi niko kule na wao wako huku juu.

Siku moja tukapoteza nzi ya mwisho kwenye muti. Nyumbani jogoo tulikuwa tumemula kwa ajili ya wageni. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikang'oa manyoya ya kuku muke, nikafunga usiku kwa siri, kama vile nilivyomuona papa akifunga. Sikujua kwamba unyoya wa jogoo ni mugumu, unaelea, na wa kuku muke unakunywa maji. Asubuhi papa akairusha, nikaona nzi inazama kama jiwe. Halafu uzi ukasimama.

"Sasa!"

Tulitoa tano asubuhi ile. Wakati wa baridi turwiti zinakaa chini kabisa, hazina nguvu ya kupanda, na nzi yangu ilikuwa inazifuata kule kule. Papa aliivuta, akaipapasa kati ya vidole viwili.

"Hii ni ya kuku muke."

"Ndiyo, papa."

"Muzungu angekufukuza." Akacheka mpaka akakaa chini. "Kesho funga zingine kumi."

Sikupata tena sifa kama ile, hata kwa mume.

Sasa nikuambie ile ambayo watoto wangu hawajui. Kwenye mahali pa kuchota maji wasichana wenzangu waliniona nimetoka na papa, nguo imelowa, na fimbo begani. Wakapiga makofi.

"Mwanaume anapita! Mumupishe njia!"

"Weye, utaota ndevu! Nani atakuoa, turwiti?"

Leo ningewajibu vizuri sana. Siku ile nilikuwa mutoto, na haya iliniingia kama maji ndani ya kiatu. Kesho yake papa alipogusa muguu wangu kuniamusha, nikasema tumbo inaniuma. Alijua ninadanganya. Akasema, "Lala, mama," kwa sauti ya kawaida, akaenda peke yake, sababu mwanamuke mumoja alikuwa amezaa na walikuwa wanangojea samaki.

Walimuleta muchana, wachuma chai wawili, amefungwa blanketi yao, amelowa mpaka kifuani. Mukono ulikuwa unatoka damu. Fimbo ya muzungu ilikuwa vipande viwili.

Mama akapitisha mukono mbele ya uso wake. Hakupepesa.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Zamani kidogo."

"Na ulikuwa unavua namna gani?"

Nikangojea. Kaka zangu wote walikuwa pale, na koko, bibi yetu, na wale wachuma chai mulangoni.

"Kwa mazoea," papa akasema. "Leo nimeteleza tu."

Hakunitaja. Hakunitaja siku ile wala siku nyingine, mpaka tulipomuzika. Na hakurudi tena mutoni.

Wakamuweka kwenye kiti, vile vile alivyoogopa. Mimi niliendelea kuchota maji asubuhi na jioni. Siku ya nne ao ya tano, nikitua ndoo, akauliza, kama muntu anayeulizia habari za ndugu: "Maji iko namna gani leo?" Nilikuwa mutoto wa maneno machache, na niko vile hata sasa. Lakini nikakaa chini karibu ya muguu wake, nikamuambia yote: maji imeshuka, mawe yanaonekana, kuna moja kubwa chini ya muzizi, inaangalia juu. "Inapepea mukia?" "Inapepea." Akafunga macho. Nilimuletea ule muto kila siku mpaka nilipoolewa, na hakuna siku nilimudanganya, hata zile ambazo sikuona samaki nilimuambia sikuona.

Wadogo zangu wanapiga simu. Wanasema watu wamechimba mulima kutafuta mawe ya kuuza, kamuto kamekuwa tope ya rangi ya matofali, na turwiti hakuna muntu anayezikumbuka. Mimi ninashukuru tu kwamba papa hayuko tena pale kwenye kiti, na kwamba silazimiki kumujibu akiuliza maji iko namna gani leo.