Ufunguo wa Kanisa na Kituo cha Wajapani

Jumapili iliyopita, baada ya ibada katika ukumbi tunaoukodi hapa mtaani Berea, mke wa mchungaji alimkabidhi mfanyabiashara mmoja wa magari ufunguo wa kanisa. Bwana huyo ametoka Japani hivi karibuni, na chai ilipomiminwa akatusimulia kituo kidogo cha reli alichokiona huko mashambani. Wakulima walikijenga zama za mababu kwa mbao za misitu yao. Shirika la reli lilipowaondoa watumishi wake, wanakijiji wakaendelea kukifagia wenyewe.

"Mulinzi hakuna! Iko tu kasanduku ka kutia tikiti," alisema, huku akijipiga paja. "Mimi nikatia karatasi ya bonbon, ile ya pipi. Ule bibi wa kufagia akaniinamia hivi, merci mingi, asante sana!"

Akainama kuigiza, hata tai yake ikatumbukia kikombeni, na meza nzima ikaangua kicheko. Mke wa mchungaji peke yake hakucheka. Alinyoosha kiganja.

"Papa, rudisha ufunguo."

"Eish, Mama Pasta! Juu ya Wajapani?"

"Hapana. Ni juu ya hii: hapa kwetu pia mulinzi hakuna."

Nimesoma vitabu kadhaa vinavyoainisha dhambi, kubwa kwa ndogo, lakini sikumbuki kimoja kilichomtaja mtu wa namna hii: avukaye bahari ili amdhulumu ajuza nauli ya kijijini, kisha akarejea kanisani kuitolea ushuhuda.