Bakuli la Kuku kwa Wenye Kuvumbua Kidole

Velma Stubblefield wa Harlow Springs, mashariki ya Texas, alikuwa mjane anayeishi kwa kushona mablanketi ya viraka. Aliyauza mtandaoni tu, maana pale mjini kila nyumba ilikuwa na bibi anayeshona. Mteja akibonyeza picha inakuwa kubwa, anaziona nyuzi, ananunua.

Siku moja ikaja barua. Kampuni fulani ilidai kwamba kubonyeza picha ikakua ni uvumbuzi wake, na cheti cha serikali inacho. Velma alipie ruhusa, la sivyo wamfungie tovuti kwa amri ya mahakama. Yaani mabwana hao walikuwa wamevumbua kidole.

Lakini kilichomsumbua zaidi ni anwani. Ofisi yao ilikuwa palepale mjini, juu ya duka la mbao. Majirani wapya, na hakuna aliyewapelekea chakula! Kushtakiwa ni kushtakiwa, na adabu ni adabu. Akaoka kuku na wali kwenye bakuli, akapanda ngazi, akakuta mlango umefungwa. Akaliacha hapo na kijikaratasi cha kuwakaribisha.

Baada ya siku tatu alirudi kuchukua bakuli. Chakula kilikuwa vilevile, ila sisimizi wameshahamia. Rufino, mfagiaji wa jengo, alimhurumia.

"Bi Velma, mwaka wa tatu huu sijaona mtu akiingia humo. Hata kiti hakuna."

Velma hakulipa, wakamshtaki. Mahakamani, mwakilishi wa kampuni, Crandall Voss, aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ileile, aliapa kwamba wao ni wenyeji wenye haki ya kushtaki palepale, wana wafanyakazi kumi na wawili juu ya duka la mbao. Velma hakuwa na wakili. Jaji akamruhusu aulize mwenyewe.

"Baba, kile chakula nilichowaletea kiliwafika?"

Voss alikuwa ameonywa kwamba watu wa huku wanapenda kushukuriwa. "Kilitufika, mama. Vijana walikula mpaka wakalamba bakuli."

Rufino akasimama nyuma bila kuitwa, akauliza kama kati ya hao vijana Voss anahesabu na sisimizi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jaji, ambaye alishakula kuku wa Velma kwenye misiba mitatu, hakucheka. Aliagiza mwenye kampuni aje mwenyewe Jumatatu, na wafanyakazi wake wote kumi na wawili.

Jumatatu hakuja mtu. Ilikuja karatasi ya kufuta kesi.

Mwezi haukuisha, kinyozi wa mji wa pili akaja kwa Velma na barua: kumbe kumpangia mteja saa ya kunyolewa mtandaoni nako kulishavumbuliwa, na walewale. Velma aliisoma yote, akamvutia kiti, akamwambia, "Kaa, mwanangu. Nimalizie blanketi la mtu wa Ohio, halafu tuwashughulikie."