Mtoto Aliyesomwa Redioni

Redio ya shule yetu ilikuwa na mkono wa kubebea uliovunjika, na mwenye haki ya kuibeba nilikuwa mimi. Nasema haki kwa sababu niliipigania. Mwalimu mkuu alitaka ikae ofisini kwake, sisi wengine tuwe tunaiazima. Nikamwambia mbele ya walimu wote kwamba redio ile ililetwa kwa ajili ya watoto, siyo kwa ajili ya matangazo ya mpira. Nilikuwa mwalimu mgeni, binti wa Mpanda mjini, na mdomo wangu haukuwa na breki. Alicheka, akanikabidhi.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya ndani ya Mkoa wa Rukwa. Shule yenyewe ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Sitalike, na jina lake nitabaki nalo mwenyewe. Walimu tulikuwa wachache, vitabu vichache zaidi. Kwa hiyo Alhamisi mchana, kipindi cha wanafunzi kilipokuwa hewani, redio ndiyo ilikuwa mwalimu wa darasa la tano. Betri tulizianika juani tangu asubuhi zipate nguvu. Waya tuliupitisha dirishani ukapanda hadi juu ya bati, na mvua ikinyesha tulisikia mkoromo mtupu. Lakini siku hewa ikiwa safi, sauti ya yule mama wa redioni iliingia darasani kwa utulivu, ikatoa hesabu, ikawaambia watoto waandike majibu, wayatume kwa barua, na wasisahau kujitambulisha. Waliopatia walisomwa katika vipindi vya mbele.

Sasa, kujitambulisha kwetu si jambo dogo. Mkubwa akimsimamisha mtoto njiani na kumuuliza, "Wewe wa nani?", mtoto haishii kwenye jina. Anamtaja baba yake na kazi anayofanya, anataja ukoo, anaonyesha nyumba ilipo, anasema kama baba yupo au amesafiri. Awe mtoto wa Kikonongo, wa Kipimbwe, wa Kifipa, au wa hawa wenzetu ambao wazazi wao walitoka Burundi, ni hivyo hivyo. Mtoto anayejibu neno moja na kunyamaza, mkubwa anaondoka akimlaumu mama yake. Basi watoto wangu waliiandikia redio kama ambavyo wangemjibu babu waliyekutana naye kwenye njia ya kisimani. Hakuna mtu mzima hata mmoja, nikiwamo mimi, aliyeona kasoro.

Wa kwanza kusomwa alikuwa msichana wa dawati la mbele, mwembamba, mbishi, hodari wa hesabu kuliko darasa zima. Nilimpenda waziwazi, kwa sababu ubishi wake niliujua, ulikuwa wangu. Sauti ikasoma jina lake lote na la ukoo. Ikasoma shule na kijiji. Ikasema wanakaa nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga, mama yake anauza samaki wakavu wanaotoka Kapalamsenga, na baba yake ni dereva wa gari la hifadhi ya wanyama, mara nyingi yuko safarini.

Darasa lililipuka kwa shangwe, halafu shangwe ikageuka kicheko. Baba yake alikuwa askari wa doria, anaingia porini kwa miguu na kutoka kwa miguu. Gari la hifadhi alilifahamu kwa kulisukuma likikwama.

"Anajifunza!" msichana alifoka, amesimama juu ya dawati. "Karibu atapewa gari. Nyie mtaona!"

Kijiji kilipata neno la kuchezea. Mama yake akaanza kuitwa mke wa dereva pale kwenye meza yake ya samaki, naye akawa anaitikia huku anacheka. Binti hakucheka. Aliyemtania alijibiwa, na aliyezidi kumtania alipigwa ngumi. Baba mwenyewe alikuwa doria, hana habari kwamba amepandishwa cheo. Sisi tuliifikiria redio kama kitu kinachokuja kwetu. Kwamba sauti ileile ilikuwa inaingia nyumba nyingine nyingi, kwa watu tusiowajua, halikutupitia akilini.

Yule mwanamume alikuja asubuhi moja, watoto wakiwa mapumzikoni wanakunywa uji. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, amebeba pakiti ya biskuti, na alisalimia vizuri sana. Nilikuwa ofisini nachukua chaki. Alimwamkia mwalimu mkuu, akakaa, akavua kofia, akajieleza kuwa ni baba mdogo wa yule msichana. Akamtaja kwa jina lote. Akamtaja mama wa samaki, akaitaja nyumba ya pili baada ya mashine. Akasema kaka yake amepata ajali mbaya, amelazwa Mpanda, na anamlilia binti yake. Lori lilikuwa linasubiri barabarani.

"Na mama yake?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Ametangulia, mzee. Nimempandisha gari lingine sasa hivi, mimi nikabaki nimchukue mtoto."

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa huruma. Habari ya ajali ilimpiga, akasimama hapo hapo na kuita kupitia dirishani mtoto aletwe na daftari zake. Mimi pia moyo uliniuma. Nilianza hata kufikiria nimpe kanga yangu ya kujifunika njiani.

Msichana aliingia tayari amesikia, maana habari mbaya hazisubiri kuitwa. Alikuwa analia mpaka mabega yanatikisika. Yule mtu akamshika kichwa, akampa biskuti, akamwambia kwa upole, "Usilie mama. Gari limepinduka, lakini baba yako ni mzima, anaongea."

"Limepinduka nani akiendesha?" nilimuuliza. Hata sijui kwa nini niliuliza.

"Si yeye mwenyewe, mwalimu? Ndiye dereva."

Nilifungua mdomo wangu ule usio na breki, na kwa mara ya kwanza maishani hakikutoka kitu. Nilimtazama mtoto. Alikuwa ameacha kulia. Uso wake nauona hadi leo, kamasi juu ya mdomo, macho yamemkazia yule mtu. Kwa muda wote ule alikuwa amepigana na shule nzima kuulinda uongo wake, na sasa kulikuwa na mtu mzima, mwenye shati la pasi, anayeuamini. Angeweza kuondoka naye hali baba yake bado ni dereva.

Alijifuta kwa kiganja, akaweka biskuti mezani.

"Baba hajui kuendesha gari," alisema. "Nilisema uongo redioni." Kisha akarudi nyuma hadi akanigusa, akamwonyesha yule mtu kwa kidole, jambo ambalo mtoto wetu hamfanyii mkubwa. "Huyu simjui. Huyu amenisikia redioni."

Yule bwana alicheka. Akasema watoto wa siku hizi bwana, akasimama, akatafuta kofia yake. Mwalimu mkuu alikuwa karibu na mlango kuliko yeye. Aliufunga na kuuegemea, na alikuwa mtu wa kilo. Hapo sauti yangu ikarudi yote kwa pamoja. Nilipiga kelele dirishani hadi wanaume wa mashine ya kusaga wakaacha magunia, walinzi wa sungusungu wakaja, na nyuma yao akaja mama wa samaki, mikono bado ina magamba. Hakuwa amepanda gari lolote. Alikuwa mezani kwake tangu alfajiri.

Walimpeleka ofisi ya kijiji, kisha polisi Mpanda. Alikusudia kumpeleka wapi yule mtoto, sikuwahi kuambiwa kwa ukamilifu, na sehemu niliyoambiwa siiandiki hapa.

Wazazi walikuja juu, na sikuwalaumu. Walisema redio ndiyo mbaya, ifungiwe kabatini au irudishwe ilikotoka. Mama wa samaki alisema binti yake hatakanyaga shuleni mpaka mumewe arudi aamue mwenyewe. Nilimwendea nyumbani, akanikaribisha kigoda, akanipa ugali na samaki, akaniambia kwa adabu zote kwamba hapana. Nilirudi kwangu nikalia kwa hasira. Mtoto amejiokoa mwenyewe, kwa akili yake, halafu adhabu ni kuondolewa kwenye masomo yaliyompa hiyo akili! Hesabu za darasa la sita angezisomea wapi, kwenye meza ya samaki?

Nikaanza kufikiria badala ya kufoka, jambo ambalo kwangu ni kazi ngumu. Nilimfuata mwalimu mkuu na mawazo yangu, akayaongezea ya kwake. Majibu yatakwenda redioni bila jina: mwanafunzi wa darasa la tano, wilaya ya Mpanda, basi. Mtoto hatolewi shuleni na mtu ambaye mzazi wa mtoto hajawahi kumleta mwenyewe mbele yetu, hata aje analia. Na kila Alhamisi mzazi mmoja, kwa zamu, atakaa darasani asikilize kinachosikilizwa na mtoto wake.

Kazi kubwa ilikuwa kuwafundisha watoto adabu mpya bila kuivunja ile ya mama zao. Niliwaambia, mkubwa mnayetazamana naye uso kwa uso, tena kijijini kwenu, mjibuni kama mlivyolelewa. Asiyekuona uso, mpe jibu la hesabu tu.

"Mwalimu, si atasema mama yangu hakunifundisha?" mmoja aliuliza.

"Mwambie amlaumu mwalimu wako."

Siku hizi mjukuu wangu anasoma kwenye simu, na simu kabla haijamfundisha chochote inataka jina, tarehe ya kuzaliwa, shule na picha. Wanangu wananiona mshamba ninapomnyang'anya na kuuliza nani yuko upande wa pili. Naomba waendelee kuniona mshamba. Wenzangu wa kijiji kile hawakuwa na simu wala umeme, na tulilikalia suala hili kwenye madawati ya watoto mpaka tukalipatia jibu. Sijawahi kujivunia kazi yoyote kama ile.

Baba alirudi kutoka doria na kuja shuleni moja kwa moja, sare imejaa vumbi. Binti yake alikuwa nyuma yake, ameshikwa mkono, anatazama chini. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa tayari hata kugombana, ingawa alikuwa na bunduki begani. Aliamkiana na mwalimu mkuu, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, hiyo redio inaongea lini?"

"Alhamisi, baada ya chakula."

"Basi zamu ya kwanza niandikieni mimi. Na huyu anaingia darasani leo."

Alisema hivyo tu. Hotuba yangu ikaishia tumboni.

Msichana aliandika jibu lake, nikalisoma kabla halijafungwa kwenye bahasha. Hesabu ilikuwa ya sehemu, ngumu kweli, na mahali pa jina palikuwa peupe. Aliniambia mkono ulikuwa unamwasha kuandika jina. Baba alitimiza zamu yake, na zamu yake ilipokwisha aliomba ya mtu mwingine aliyekuwa na palizi, kwa sababu majibu yalikuwa bado hayajasomwa. Alikaa nyuma kabisa, kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kifuani.

Siku ile hewa ilikuwa safi. Mama wa redioni alisema swali la sehemu limewashinda wengi, lakini jibu sahihi na lililopangwa vizuri kuliko yote limetoka kwa mwanafunzi wa darasa la tano, wilaya ya Mpanda. Karatasi zikasikika zikigeuzwa. Akasema mwanafunzi huyu hakuandika jina lake, na popote alipo, anampongeza.

Watoto walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna atakayegeuka kumtazama, na hakuna aliyegeuka. Darasa zima lilitazama redio. Msichana alikuwa ameuma midomo, mikono ameikalia.

Nyuma ya darasa dawati lilipiga kelele. Baba alikuwa amesimama, kofia mkononi, analia bila kujificha.

"Huyo ni wangu," alisema.