Tuzo ya Mwosha Maiti wa Isevya

Bi Mwanajuma binti Sabiri alipoitwa jukwaani alikuwa akitazama feni. Fakhria, mwenzake wa kazi aliyekaa naye, alimfinya paja kidogo, ndipo akainuka, akajitanda khanga yake vizuri na kwenda kupokea tuzo ya mwanamke wa kujitolea wa kata. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Alipita katikati ya vigelegele hivyo kama mtu anayekatiza sokoni hana cha kununua.

Tuseme ukweli, tuzo hiyo ilichelewa. Mwanamke huyu ameosha maiti za wanawake wa Isevya na Ng'ambo, hapa Tabora, tangu mama yake alipomwachia kazi hiyo, na hajadai hata nauli ya bajaji. Mvua inyeshe, yupo. Ramadhani, yupo. Maiti ya ajali ambayo ndugu wenyewe wanaikimbia, yeye anaingia nayo chumbani na Fakhria wake, mmoja akimimina maji na mwingine akiosha. Lakini watu wana mambo yao. Wanawake walewale waliokuwa wakimpigia vigelegele, harusini hawataki akae karibu na bibi harusi, eti ana mkosi, na yeye alikwisha kuzoea kukaa na wapishi.

Mshereheshaji, kijana mchangamfu aitwaye Masanja, alimtaka asimulie tukio moja asilolisahau katika kazi yake. Ni wazi hakuwa amemuuliza mtu. Mwosha maiti hasimulii. Alichokiona chumbani kinabaki chumbani. Bi Mwanajuma alishika kipaza sauti, akasema anashukuru, akakirudisha. Watu wakadhani ni unyenyekevu, wakashangilia zaidi.

Tukio lenyewe alikuwa nalo. Mwanzoni mwa mwaka huu, binti yake wa pekee, Tunu, aliyeolewa Urambo, alifariki kwa ugonjwa wa figo, akaletwa Tabora kuzikwa. Fakhria alimsihi asiingie chumbani. Bi Mwanajuma akamuuliza tangu lini mtu mwingine ameosha watu wa mtaa huu. Akaingia. Akapima sanda, akachanganya majani ya mkunazi, akaanza upande wa kulia kama inavyotakiwa. Mama yake alimfundisha kwamba chozi la mwoshaji lisimdondokee maiti, basi akalizuia. Alipotoka, msiba mzima ulikuwa ukimsubiri yeye: karafuu maiti iliyobaki iwekwe wapi, jeneza lipitie mlango gani, maji yamwagwe wapi. Akawaonyesha. Jioni akafua shuka za kuoshea. Na lile chozi, alipolitafuta baadaye akiwa peke yake, halikuwepo.

Tangu hapo anaishi hivihivi tu. Anakula, lakini ukimuuliza amekula nini itabidi afikirie kwanza. Anaswali, anaitikia shikamoo za watoto, anaenda kuosha anapoitwa. Asubuhi Fakhria humletea kahawa na tende, wakakaa barazani wakaongea habari za mvua. Jambo moja tu linamtia hofu, na alimwambia Fakhria peke yake: kwamba pengine hakumpenda mwanawe kama alivyodhani, maana ni mama gani asiyelia.

Basi wakamkalisha kwenye kiti kilichopambwa, watu wakajipanga kumpa mkono. Hongera, mama yetu. Ahsante. Hongera sana. Ahsante. Aliitikia huku akitazama lile feni.

Foleni haijafika nusu, simu ya Fakhria ikaita. Mke wa fundi baiskeli mmoja wa Ng'ambo alikuwa amefariki, wanasubiri mwoshaji. Fakhria akapanda jukwaani kumnong'oneza. Hapohapo Bi Mwanajuma akamshikisha Masanja tuzo yake kama anayemshikisha mtu karai, akaanza kukunja mikono ya baibui. Fakhria akamshika mabega, akamrudisha kitini.

“Leo hapana, dada. Nitaosha mimi, mkwe wangu atamimina maji. Wewe una msiba.”

“Msiba ulishapita.”

“Ulipita wetu sisi. Sisi tulikaa mkekani tukalia, wewe ulikuwa kazini. Hakuna aliyekupa pole, dada. Hata mimi sikukupa.”

Bi Mwanajuma alifikiri. Alikumbuka waliokuja kumuuliza ndoo, waliokuja kumuuliza pamba, waliomsifu kwa ujasiri wake. Aliyekuja kumpa pole hakumkumbuka.

Fakhria akainama mbele yake, akauchukua mkono wake kwa mikono yake yote miwili, kama anavyoshikwa mfiwa.

“Pole kwa kufiwa na Tunu.”

Mwanamke aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, aliyekuja na hongera yake mdomoni, alisikia. Akasita, akaona haya, kisha naye akainama akasema pole. Aliyemfuata akafanya vilevile. Masanja akaibana tuzo kwapani na kuzima kipaza sauti, na hilo alilifanya bila kuambiwa.

Pole ya msiba ina jibu lake, na Bi Mwanajuma amewasikia wafiwa wa mji mzima wakilitoa: nimeshapoa. Alifungua kinywa alitoe na yeye.

“Bado,” alisema. “Bado, Fakhria.”

Akaanza kulia kwa sauti, palepale jukwaani mbele ya mgeni rasmi, akimwita mwanawe kwa jina. Fakhria hakuuachia ule mkono, na kule Ng'ambo wakamsubiri mwoshaji.